DALILI YA MVUA NI MAWINGU: Jinsi Wanasayansi Wanavyokadiria Mvua Kubwa Katika Enzi ya Mabadiliko ya Tabianchi

Utangulizi

Methali "dalili ya mvua ni mawingu" ni miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri mapema sana, na kwa kawaida huifasiri kwa maana yake ya ndani tu: kwamba kila jambo lina ishara inayolitangulia. Katika makala haya tunakusudia kuirudisha methali hii kwenye maana yake ya nje, yaani mvua yenyewe na mawingu yenyewe. Tunafanya hivyo kwa sababu kwa muda wa takribani nusu karne, tarakilishi zilizotumiwa kukadiria tabianchi ya siku zijazo zilikuwa zikiieleza mvua bila ya kuyaona mawingu yanayoileta. Hili halikutokana na uzembe wa wataalamu. Mawingu yalikuwa madogo mno kwa jicho la tarakilishi hizo, na ni katika miaka ya hivi karibuni tu ambapo jicho hilo limeanza kuyaona.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika shamba la wanafizikia. Jibu letu ni kwamba mavuno ya shamba hilo hutufikia kwa maneno. Kati ya Machi na Mei 2024, mvua za masika ziliwaua watu zaidi ya 200 nchini Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli yalifumuka na kuvikumba vijiji vya eneo la Mai Mahiu, na makumi ya watu wakafa wakiwa usingizini. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2023, Rais William Ruto alikuwa amewatangazia Wakenya kwamba mvua ingekuwa nyingi kuliko kawaida ila El Nino iliyokuwa ikitarajiwa haingekuja. Mwezi uliofuata mafuriko yalitokea, na kufikia mwisho wa mwaka yalikuwa yameua watu zaidi ya 100 nchini.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko huo ni cha kisemantiki. Kwa mwanasayansi, El Nino ni kupanda kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Kwa Mkenya wa kawaida, tangu mafuriko ya 1997 na 1998, El Nino ni mvua yenyewe: ile inayobomoa madaraja na kujaza vyoo vya shimo. Neno ni moja ilhali virejelewa ni viwili. Anayeambiwa "hakuna El Nino" husikia "hakuna mafuriko", hata kama aliyetamka hakukusudia hivyo.

Hewa Yenye Joto na Shehena Yake

Tuanze na jambo ambalo halina ubishi mkubwa miongoni mwa wataalamu. Hewa yenye joto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 haiwezi kuwa na zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke. Ikifika nyuzijoto 30, inaweza kubeba takribani gramu 30. Kanuni inayoeleza uhusiano huu hujulikana kwa majina ya Mfaransa Clapeyron na Mjerumani Clausius, walioishi katika karne ya 19, na muhtasari wake kwa hali za kawaida za duniani ni kwamba kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, uwezo wa hewa wa kubeba mvuke huongezeka kwa takribani asilimia 7.

Kutokana na kanuni hii, Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), katika ripoti yake ya 2021, lilieleza kwamba mvua kubwa za siku moja duniani zitaongezeka nguvu kwa takribani asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto. Jopo hilo lilitoa hesabu nyingine inayofaa kukumbukwa. Mvua kubwa ambayo, kabla ya binadamu kuanza kuipasha dunia joto, ingetokea kwa wastani mara moja katika kila miaka 10, sasa hutokea takribani mara 1.3 katika muda uo huo. Ongezeko la joto likifikia nyuzi 2, itatokea mara 1.7, na likifikia nyuzi 4, mara 2.7.

Hayo ni ya dunia nzima. Ugumu huanza pale tunapouliza juu ya Kisumu, au Budalangi, au mtaa wa Mathare ulio kando ya mto. Kiasi cha mvuke kilichopo hewani ni sharti moja tu la mvua. Sharti jingine ni kwamba hewa hiyo ipae. Katika nchi za tropiki, hewa hupaa zaidi kwa sababu ardhi imepata joto la jua. Hewa iliyo juu ya ardhi hiyo huwa nyepesi, hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Wataalamu huita mwendo huo konveksheni. Mkulima wa Kakamega ambaye hajawahi kulisikia neno hilo anaujua vizuri: asubuhi jua kali, saa nane mawingu yanaanza kurundikana, saa kumi radi, na kufikia jioni mitaro imejaa.

Ndoto ya Richardson

Modeli ya tabianchi ni nini hasa? Neno lenyewe limetusumbua kidogo. Wapo wanaopendelea "kielelezo" na wapo wanaosema "ruwaza", lakini katika fasihi "kielelezo" kina maana nyingine na "ruwaza" hudokeza mpangilio unaojirudia. Tumeamua kutumia "modeli", neno ambalo lina faida ya kutodai kumaanisha kitu kingine.

Wazo lake ni la zamani kuliko tarakilishi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Mwingereza Lewis Fry Richardson alikuwa dereva wa gari la kubebea majeruhi nchini Ufaransa, na katika nafasi alizozipata akajaribu kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kukokotoa hali ya hewa kwa hesabu tupu. Aliigawa anga katika miraba, akaandika katika kila mraba kiasi cha joto, upepo, kanieneo na unyevu, kisha akatumia kanuni za fizikia kukadiria kila mraba ungeathiri vipi jirani zake baada ya muda mfupi. Alichagua siku moja iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, na kukokotoa saa sita tu za siku hiyo. Kazi ilimchukua majuma kadhaa na jibu likawa kosa kubwa mno: hesabu zake zilionyesha kanieneo ikibadilika kwa kiwango ambacho hakijapata kushuhudiwa. Hata hivyo, alikichapisha kitabu chake mwaka 1922 pamoja na kosa lake, na humo akawaza juu ya ukumbi mkubwa ambamo watu 64,000 wangekaa wakikokotoa kwa pamoja ili hesabu iende sambamba na hali ya hewa yenyewe.

Ukumbi huo sasa ni tarakilishi. Mbinu ni ile ile ya Richardson: miraba, kanuni, majirani. Mwaka 1967 Syukuro Manabe, mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani, alishirikiana na Richard Wetherald kukadiria jinsi gesi ya kaboni inavyoongeza joto la dunia. Kazi za namna hii zilimpatia Manabe Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2021, pamoja na Mjerumani Klaus Hasselmann na Mwitaliano Giorgio Parisi.

Haba na Haba Isiyojaza Kibaba Sawasawa

Katika modeli nyingi za dunia nzima, upande mmoja wa mraba huwa na urefu wa takribani kilomita 100. Msomaji na achukue ramani ya Kenya. Mraba mmoja wa kiasi hicho unaweza kuimeza Nairobi, Thika, Machakos na Mai Mahiu kwa pamoja. Kwa modeli, mahali hapo pote ni pamoja: pana joto moja, unyevu mmoja na mwinuko mmoja kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa Bonde la Ufa, ambapo ardhi huporomoka kwa mamia ya mita katika umbali mfupi, haupo. Wingu la radi, ambalo upana wake huwa kilomita chache tu, haliwezi kuonekana kabisa.

Kwa kuwa modeli haiwezi kuliona wingu, wataalamu walilazimika kuliwakilisha kwa kanuni ya makisio: ikiwa joto na unyevu wa mraba ni kiasi fulani, basi chukulia kwamba ndani yake yamo mawingu ya kiasi fulani na nyesha mvua ya kiasi fulani. Kanuni hizi si za kubeza. Zimewezesha mengi, na jumla ya mvua ya mwaka zinayoitoa mara nyingi hukaribia ukweli. Kasoro yake imo katika namna jumla hiyo inavyopatikana. Modeli za aina hii hunyesha mara nyingi mno na kwa udogo mno. Manyunyu ya kila siku yanachukua nafasi ya dhoruba moja ya Alhamisi jioni. Aidha, huinyesha mvua karibu na adhuhuri, mara tu ardhi inapopata joto, ilhali mvua halisi ya bara huchelewa hadi alasiri au usiku.

Kwa lugha yetu, modeli hizo huamini kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kweli hujaa. Lakini aliyewahi kuishi kando ya mto Nzoia anajua kwamba milimita 60 zilizonyesha kwa siku 20 huotesha mahindi, na milimita 60 zilizonyesha kwa saa mbili huyang'oa.

Utafiti wa Kendon

Hapa ndipo anapoingia mwanasayansi ambaye kazi yake imetusukuma kuandika. Elizabeth Kendon ni mtafiti wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, na jina lake limehusishwa kwa zaidi ya mwongo mmoja na jitihada za kuipunguza miraba hadi wingu lionekane. Mwaka 2014, yeye na wenzake walichapisha utafiti uliotumia miraba ya kilomita 1.5 katika eneo la kusini mwa Uingereza. Miraba ya udogo huo ilikuwa ikitumika katika utabiri wa kila siku, lakini kuitumia kwa miaka mingi ya tabianchi lilikuwa jambo jipya. Matokeo yalionyesha kwamba mvua kubwa za saa moja za majira ya joto zingeongezeka nguvu. Modeli yenye miraba ya kilomita 12 haikuwa imeliona ongezeko hilo.

Kwa nini jambo hili halikufanywa mapema? Ni kwa sababu ya gharama. Ukiupunguza upande wa mraba kwa nusu, unahitaji miraba minne pale ulipokuwa na mmoja. Na kwa kuwa upepo sasa hupita kutoka mraba hadi mraba kwa nusu ya muda wa awali, lazima ukokotoe mara mbili zaidi. Kazi imeongezeka mara 8. Kutoka kilomita 25 hadi kilomita 4.5, kwa hesabu hii rahisi, ni zaidi ya mara 150.

Hicho ndicho kiwango kilichotumika barani Afrika. Chini ya mradi ulioitwa IMPALA, watafiti waliunda modeli ya bara zima yenye miraba ya kilomita 4.5, wakaiita CP4-Africa. Kule kulikokuwa na mraba mmoja wa kilomita 100, sasa kuna takribani miraba 500. Modeli iliachwa iyaumbe mawingu yenyewe kwa kanuni za fizikia, bila ya makisio yale ya konveksheni. Iliendeshwa kwa miaka 10 ya hali ya sasa, kuanzia 1997, na miaka mingine 10 ya mwisho wa karne hii. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019 chini ya uongozi wa Kendon.

Matokeo hayo yana pande mbili. Kwanza, mvua kubwa za saa tatu zinaongezeka nguvu zaidi katika modeli hii kuliko katika ile ya kilomita 25. Pili, na hili ndilo lililotushangaza tuliposoma kwa mara ya kwanza, katika Afrika ya magharibi na ya kati vipindi vya ukavu ndani ya msimu wa mvua wenyewe vinarefuka, jambo ambalo modeli ya zamani ililiona kwa udhaifu au haikuliona kabisa. Yaani mvua inaponyesha inanyesha zaidi, na isiponyesha inakawia zaidi. Ikumbukwe pia kwamba watafiti walichukulia hali ambapo gesi joto zinaendelea kutolewa kwa kiwango cha juu mno, hali ambayo wataalamu wengi siku hizi wanaiona kuwa ya kupindukia. Matokeo yasomwe kama upeo wa mbali, na siyo kama kalenda.

Kitendawili cha Masika

Wapwani walikuwa na modeli yao. Kalenda ya Nairuzi, iliyofuata mwaka wa jua wa siku 365, iligawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa kuihesabu miongo hiyo mabaharia na wakulima walijua lini kusi ingeanza kuvuma, lini kaskazi, na lini mbegu zitiwe ardhini. Mvua nazo zilikuwa na majina yake: mvua kubwa ya Aprili na Mei ambayo Mombasa huitwa mwaka na kwingineko masika, kisha mchoo wa Julai na Agosti, kisha vuli. (Inafaa tutaje kwamba "mwongo" leo tunaupa maana ya miaka kumi, CP4-Africa basi iliendeshwa kwa mwongo mmoja wa sasa na mmoja wa baadaye.) Elimu hiyo ilitegemea sharti moja kubwa, kwamba mwaka ujao utafanana na iliyopita.

Sharti hilo limelegea. Kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu na 2010, masika ya Afrika Mashariki yalikuwa yakipungua, ilhali modeli nyingi za dunia zilionyesha kwamba yangeongezeka kadiri dunia inavyopata joto. Wataalamu wameliita jambo hili kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na mwaka 2015 David Rowell na wenzake waliorodhesha majibu yanayowezekana: pengine modeli zimekosea, pengine takwimu za mvua ni mbovu, pengine ni mabadiliko ya asili ya bahari, pengine ni athari ya vumbi na moshi wa viwanda. Mwaka 2019 Caroline Wainwright na wenzake walitoa sehemu ya ufumbuzi. Walionyesha kwamba masika yalikuwa yamefupika. Yalichelewa kuanza na yaliwahi kuisha, lakini katika siku za katikati mvua haikuwa imepungua nguvu.

Miaka iliyofuata imekitatiza kitendawili zaidi. Masika ya 2018 na 2020 yalikuwa na mvua nyingi. Mnamo Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko rekodi ya 1964, iliyotokana na mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961. Kisha, kuanzia vuli ya 2020, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha na mifugo ikafa kwa mamilioni katika Pembe ya Afrika. Kisha yakaja mafuriko ya vuli ya 2023 na ya masika ya 2024. Mfugaji wa Garissa aliyepoteza ng'ombe kwa kiu mwaka 2022 na mbuzi kwa maji mwaka 2023 hahitaji kufafanuliwa maana ya kitendawili.

Sarufi ya Masharti: -KI- na -NGALI-

Tumefika mahali ambapo, kwa maoni yetu, mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la kuwaambia wanasayansi. Kuna maswali mawili tofauti ambayo modeli hujibu, na magazeti yetu huyachanganya kila siku.

Swali la kwanza ni la mbele: gesi zikiendelea kutolewa kwa kiwango fulani, mvua itakuwaje? Kendon anapojibu swali hili, hatabiri. Anasema kitu chenye -ki-. Sharti likitimia, tokeo hufuata; lisipotimia, tokeo halina deni kwetu. Lakini habari zinapoandikwa kwa Kiswahili, sharti hudondoka na kinachobaki ni "wanasayansi wanatabiri". Neno "utabiri" lenyewe lina historia nzito. Mtabiri katika masimulizi yetu ni mtu wa ramli au wa ndoto, na neno lake likianguka ameumbuka. Tungependekeza "makadirio" kwa ajili ya kazi za namna ya Kendon, na "utabiri" tuuachie hali ya hewa ya kesho na ya msimu ujao.

Swali la pili ni la nyuma: je, dunia isingalipata joto, mvua ya 2024 ingalikuwaje? Hii ndiyo kazi ya kundi la World Weather Attribution, ambalo miongoni mwa watafiti wake ni Joyce Kimutai, Mkenya aliyewahi kuhudumu katika Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Wao hulinganisha dunia hii na dunia nyingine ya kubuni ambayo haikuchafuliwa, kisha hupima tofauti. Sote tulifundishwa katika shule ya upili kwamba -ngali- hutumika kwa jambo ambalo haliwezekani tena. Hiyo dunia ya pili ndiyo dunia ya -ngali-, na sijui lugha inayoitaja kwa silabi chache kuliko yetu.

Majibu yao kwa kanda hii yamekuwa tofauti kwa kila tukio, na hilo hutufanya tuwaamini zaidi. Kuhusu ukame wa 2020 hadi 2023, walisema mabadiliko ya tabianchi yaliufanya uwezekane kwa angalau mara 100 zaidi, hasa kwa kuwa joto huongeza ukaukaji wa udongo. Kuhusu vuli ya 2023, walisema mvua iliongezeka nguvu hadi mara mbili. Mkondo wa joto katika Bahari ya Hindi, pale upande wa magharibi unapopata joto kuliko wa mashariki, nao ulichangia. Kuhusu masika ya 2024, yaliyoua watu wengi kuliko vuli ile, walipata ongezeko dogo la asilimia 5 hivi, tena lenye shaka kubwa, na hawakuona mchango wa maana wa El Nino wala wa Bahari ya Hindi. Walielekeza kidole kwenye ukuaji wa haraka wa miji na makazi yaliyo katika mabonde ya mito. Mwanasiasa angependa asilimia iwe kubwa ili lawama iende kwa mbingu. Watafiti hawakumpa.

Shaka hiyo kubwa ina sababu zake. Vituo vya kupimia mvua barani Afrika ni vichache, na vingi vimefifia. Mahali pengine pengo huzibwa kwa picha za setilaiti, ambazo nazo huiona dhoruba ya muda mfupi kwa shida. Modeli ya miraba midogo inahitaji kipimo cha saa kwa saa ili isahihishwe, na kipimo cha namna hiyo ndicho adimu zaidi.

Mvua ya Miaka Mia

Imebaki istilahi moja, ndiyo iliyo karibu zaidi na makaravati na madaraja. Mhandisi anayejenga karavati huuliza: niijenge ihimili mvua ya miaka mingapi? Mwaka 1976 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ilitoa modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki kwa ajili ya swali hilo, nayo ilitegemea vipimo vya mvua vya miaka iliyokuwa imepita hadi wakati huo. Karavati lililojengwa kwa hesabu hizo lilipimwa kwa mvua ya enzi yake.

"Mvua ya miaka mia" kwa mhandisi ni mvua ambayo, katika mwaka wowote, uwezekano wa kutokea kwake ni asilimia 1. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, ambaye miaka kwake huhesabika, ni mvua ambayo ikishanyesha mwaka huu haitarudi hadi wajukuu wazeeke. Tofauti ya tafsiri hizi mbili ni kubwa. Mtu aliyejenga nyumba mahali ambapo maji hufika kwa uwezekano huo, akaishi hapo miaka 30, ana zaidi ya robo ya uwezekano wa kuyaona maji hayo ndani ya nyumba yake angalau mara moja. Hiyo ni kabla ya kuongeza joto hata nyuzi moja. Vivyo hivyo utabiri wa msimu unapotangazwa kwamba upo "uwezekano wa asilimia 60 wa mvua kupita kiwango cha kawaida", ni rahisi kwa msikilizaji kusikia kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 60.

Wapo watakaopendekeza tuunde istilahi kama "kipindi cha marejeo", nasi hatuna ugomvi na umbo lake. Shida ni kwamba itaiga kosa lile lile la kuifanya mvua ionekane kama msafiri mwenye ratiba. Tungependelea mtangazaji wa redio aseme kwa maneno mengi kidogo: kila mwaka, katika miaka mia ya namna hii, mmoja huleta maji haya, na hatujui ni upi. Kuhusu mhandisi, hata modeli ya Kendon bado haimpi tarakimu moja ya kuandika kwenye mchoro wake, kwa sababu miaka 10 ya kukokotolewa ni michache mno kuipima mvua ambayo kwa wastani hutokea mara moja katika 100. Kwa Uingereza kundi lake limekwisha kuendesha modeli ya miraba ya kilomita 2.2 kwa takribani miaka 100 mfululizo, na mwaka 2023 likaonyesha kwamba, chini ya hali ile ya gesi nyingi, mvua za zaidi ya milimita 20 kwa saa zingeweza kutokea mara nne zaidi kufikia 2080 kuliko katika miaka ya 1980. Kwa Afrika, modeli yetu bado ni ile ya mwongo mmoja wa sasa na mwongo mmoja wa baadaye.